Jiko la peleti Micheweni: mwenye kiroba ndiye mwenye soko

JIKO dogo la kuchomea linalotumia peleti ni kifaa kizuri, na ni haki lisemwe hivyo mapema kabla hesabu hazijaanza. Linachoma samaki mzima bila kuunguza ngozi, linamwivisha kuku hadi kwenye mfupa, na mpishi anaweza kwenda kuswali Isha akarudi akakuta joto liko pale pale alipoliacha. Lakini mfanyabiashara wa Micheweni haulizi kama jiko ni zuri. Anauliza kama mtu mwenye mtaji mdogo atie fedha zake katika kuyaleta majiko hayo, ayauze au ayakodishe kwa wachoma mishikaki na pweza wa Konde, Tumbe na Micheweni penyewe. Kwa hali ilivyo sasa jibu ni hapana, na sababu yake haimo ndani ya jiko. Imo ndani ya kiroba.

Kwa asiyezijua, peleti ni vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa kwa nguvu kwenye sahani ya chuma yenye matundu, likatoka upande wa pili kama vipande vya penseli vyenye unene wa milimita 6 au 8. Kwa kawaida hazihitaji kutiwa gundi. Vumbi likipata joto la mashine, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti ndiyo inayolishikanisha. Jiko lenyewe lina sanduku la kuwekea peleti ubavuni, na chini yake parafujo ndefu inayozungushwa na mota na kuzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto. Kijiti cha umeme huziwasha, feni huupulizia moto hewa, na kifaa cha kupimia joto huamua parafujo izunguke kwa kasi gani. Mpishi anachagua nyuzi anazotaka, anafunika, basi. Kipepeo hakihitajiki.

Jiko la namna hii lilibuniwa na Joe Traeger wa mji wa Mount Angel, jimbo la Oregon, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1986. Hataza ilipokwisha muda, miaka 20 baadaye, njia ilikuwa wazi kwa makampuni mengine kuingia, na baadaye majiko madogo ya kubebeka yakajaa madukani. Jambo ambalo muuzaji hamwambii mnunuzi ni kwamba Traeger hakulazimika kuanzisha biashara ya peleti. Baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya 1970, watu wa sehemu hizo zenye baridi, ambako viwanda vya kupasua mbao viko kila upande, walianza kutumia peleti kupashia nyumba joto. Viroba vilikuwa vimekwisha kuingia madukani. Jiko la kuchomea lilikuja kukaa juu ya biashara iliyokwisha kusimama.

Micheweni mambo yako kinyume chake. Jiko linaweza kufika ndani ya kontena kutoka Dubai au Muscat, likashushwa Wete au Mkoani pamoja na magodoro na matairi, na likaja na kiroba chake cha kwanza. Kiroba cha pili ndicho kisichokuwapo. Mtu akimaliza kilo zake za kwanza anabaki na sanduku la chuma lenye kifuniko, na hata makaa hawezi kulitilia, kwa kuwa parafujo haikutengenezwa kusukuma makaa. Hapo ndipo linapotofautiana na seredani. Seredani haina ubishi: ukikosa makaa unatia vifuu, ukikosa vifuu unatia vipande vya kuni, na pweza ataiva.

Yapo na mambo ya umeme. Kijiti cha kuwashia hutumia wati 200 hadi 300 kwa dakika chache za mwanzo, kisha feni na mota huendelea na wati kama 50 hivi, ambazo ni kidogo. Tatizo si wingi wa umeme bali ni kuwepo kwake saa ile ile ya biashara. Pemba iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2010 kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, mradi uliosaidiwa na Norway. Kabla ya hapo kisiwa kiliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Hali ni bora mno kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo muuza mishikaki hafanyi biashara yake ukumbini kwenye soketi. Anaifanya barabarani, chini ya mwembe, au karibu na diko boti zinapoingia. Yapo majiko madogo yanayokubali umeme wa volti 12, yaani betri ya gari, na kwa Micheweni hayo tu ndiyo yanayofaa kujadiliwa. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yanataka volti 120, na mtu akiyachomeka kwenye volti 230 za hapa atakuwa amechoma jiko badala ya nyama. Wanunuzi wa bidhaa za mnadani Dubai wamewahi kujifunza somo hilo kwa vifaa vingine.

Neno "kubebeka" nalo lipimwe kwa mizani. Majiko madogo yanayojulikana zaidi yana uzito wa kilo 25 hadi 30, na sanduku lake huchukua kama kilo 4 za peleti. Huko yalikobuniwa, kubebeka maana yake ni kuingia nyuma ya gari. Kwa kijana anayetoka Kiuyu kwa baiskeli, kilo 30 ni mzigo wa kuchagua: jiko au nyama.

Katika upishi, sifa na kasoro zake zote mbili ni za kweli. Jiko hili kwa asili yake ni tanuri lenye moshi. Moto uko ndani ya kikombe, juu yake kuna bamba la chuma, na kinachoivisha ni hewa ya moto inayozunguka chini ya kifuniko. Kwa chakula kinachotaka muda ni vigumu kulishinda. Mguu wa mbuzi unaweza kukaa humo saa 6 kwa joto la nyuzi 110 bila mtu kuushughulikia. Wapemba waliokaa Oman wanaijua shuwa, nyama inayotiwa viungo, ikafungwa kwenye majani na kufukiwa shimoni kwenye makaa siku nzima au mbili. Jiko la peleti ndicho kifaa cha mezani kinachokaribia kazi hiyo pasipo kuchimba ua. Samaki wa kupaka anatoka vizuri. Mkate wa ufuta unaweza kuokwa.

Mishikaki ni shauri jingine. Mshikaki unataka moto mkali wa karibu, kaa jekundu vidole vinne chini ya nyama, mafuta yadondoke yawake, nyama iungue pembeni na ibaki na maji ndani. Mteja wa jioni anasimama, anaona, ananusa, anakula, anaondoka. Jiko dogo la peleti hupata nyuzi 230 hivi, na joto lenyewe ni la kuzunguka, si la kumulika. Nyama huiva, lakini huiva kama ya ndani ya nyumba. Isitoshe linafanya kazi likiwa limefunikwa, na mchoma mishikaki aliyefunika nyama yake amefunika tangazo lake. Yapo majiko yenye sehemu ndogo ya moto wa wazi, ila kila kinachoongezwa kinaongeza bei.

Bei hiyo huko Marekani, kwa majiko madogo, huwa kati ya dola 300 na 500. Ongeza nauli ya meli, ushuru, kodi na gharama za bandarini, na mtu akumbuke kwamba mshindani wake ni seredani iliyofuliwa na fundi wa mtaani kwa bati la pipa. Tafiti za mapato na matumizi ya kaya zilizofanywa Zanzibar, ukiwemo ule wa 2009/10, ziliitaja Micheweni kuwa wilaya yenye kiwango cha juu kabisa cha umaskini Visiwani. Hilo halisemwi kwa kuwadharau wakaazi wake, ambao wamejenga maduka mpaka Kariakoo na Mombasa. Linasemwa kwa sababu mchoma pweza atakayeshawishiwa kukopa ili anunue jiko la dola 400 ataweka rehani kitu ambacho si cha kuchezea, pengine hisa yake katika boti.

Sasa hesabu yenyewe ya peleti na makaa, ambayo wafanyabiashara wachache huifanya kabla ya kutia saini. Kilo moja ya makaa mazuri ina nguvu ya joto ya megajuli 28 hadi 30. Kilo ya peleti za mbao ina kama 17. Kwa kutazama juu juu peleti zimeshindwa. Lakini seredani ya kawaida hupeleka kwenye sufuria kiasi cha sehemu moja tu katika tano ya joto lake, lililobaki linakwenda na upepo. Ilhali majiko ya sufuria yenye feni ndogo, yanayounguza moshi wake yenyewe, yanaweza kupeleka karibu nusu. Ukizidisha, kilo ya peleti kwenye jiko la feni inafanya kazi ya kilo ya makaa kwenye seredani na kuzidi kidogo. Kwa hiyo kipimo cha soko ni chepesi: mpishi wa sufuria hatalipa kilo ya peleti zaidi ya anavyolipa kilo ya makaa, na akilipa atalipa mara moja tu.

Hesabu hiyo ni ya sufuria. Kwa jiko la kuchomea ni ngumu zaidi, kwa sababu joto linapasha sanduku zima pamoja na kifuniko chake. Jiko dogo hula nusu kilo hadi kilo moja kwa saa, kutegemea joto na upepo. Na pwani ya Micheweni, msimu wa kusi, upepo haukosekani. Mtu anayechoma kuanzia magharibi hadi saa nne usiku atajaza sanduku lake mara moja na huenda akaongeza. Achukue bei ya kilo ya peleti iliyofikishwa mlangoni pake, azidishe kwa 4, kisha alinganishe na fungu la makaa analotumia usiku mmoja. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu, na ndiyo itakayoamua yote.

Je, peleti zitoke wapi? Hapo pana mambo mengi, na ndipo mwekezaji anapopaswa kukaa kitako.

Tanzania Bara ina malighafi. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote nchini, na viwanda vya kupasua misonobari vya Mafinga hutoa vumbi na randa kwa wingi. Lakini kutoka Mafinga hadi Tanga au Dar es Salaam, kisha kuvuka bahari hadi Wete, kisha kwa gari hadi Micheweni, ni safari ndefu kwa bidhaa ambayo kwa uzito ina zaidi kidogo ya nusu ya joto la makaa. Anayesafirisha peleti analipia nauli ya uzito ambao makaa hayana. Kuagiza kutoka nje ya Afrika ni hatari nyingine. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Umoja wa Ulaya ukazuia peleti za Urusi, bei za Ulaya zilipanda zaidi ya maradufu katika nchi kadhaa. Mchoma pweza wa Tumbe hana sababu ya kufungamanisha kibanda chake na baridi ya Vienna.

Pemba yenyewe haina misonobari ya kiasi hicho. Ina msitu wa Ngezi, ulio ndani ya wilaya hiyo hiyo, na huo ni hifadhi; anayeutazama kama ghala la vumbi la mbao aondoe macho. Kinachobaki ni mabaki ya mazao: makumbi na vifuu vya nazi, maganda ya mpunga, makonyo ya karafuu, na randa za maseremala. Kila moja lina dosari yake. Maganda ya mpunga yanaacha majivu yanayofikia sehemu moja katika tano ya uzito wake, tena majivu ya mchanga mchanga yanayokula sahani ya mashine na kuziba kikombe cha moto. Peleti za daraja la kwanza Ulaya haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.7 ya majivu. Makumbi ya nazi yana chumvichumvi za potasiamu na klorini, ambazo zikipata moto mkali huyeyusha majivu yakagandana kama kioo na huweza kula chuma. Makonyo yana harufu nzuri na wapo watakaotamani kuyachomea nyama, lakini yanakwenda na msimu wa karafuu, na kila Mpemba anajua kwamba mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa kutazamana. Tena makonyo yana soko lake, kwani ndiyo yanayokamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Vifuu ndivyo bora kuliko vyote, ila vinafaa zaidi kugeuzwa kuwa makaa ya kushindilia, na hayo hayaingii kwenye jiko la parafujo.

Halafu kuna unyevu. Peleti nzuri ina maji yasiyozidi asilimia 10. Ikinywa maji inavimba, inafumuka, inarudi kuwa vumbi. Vumbi hilo likiingia kwenye parafujo linakuwa kama saruji na mota inakwama. Pemba ina masika na vuli, na hata kiangazi chake hewa ya bahari haikauki. Mfanyabiashara aliyewahi kupokea karafuu zilizoingia unyevu njiani anaelewa maana yake, isipokuwa karafuu mtu anaweza kuzianika tena juani kwenye jamvi. Peleti iliyofumuka haianikiki. Shehena iliyovuka kwa jahazi bila plastiki ya ndani ni hasara inayosubiri kufunguliwa.

Anayedhani haya ni kukatisha tamaa watu aitazame Rwanda. Huko Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, kampuni ya Inyenyeri, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mmarekani Eric Reynolds, ilijaribu biashara ya peleti kwa akili kuliko wengi. Ilikwisha kung'amua kwamba fedha haziko kwenye jiko. Ikawapa wateja wa mjini majiko ya feni bila malipo, baadaye yakiwemo ya Mimi Moto (jina la Kiswahili, ingawa halikutoka Uswahilini), kwa mkataba kwamba kila mwezi watanunua kiasi fulani cha peleti. Watu wa vijijini, wasio na fedha taslimu, walileta vijiti vya miti na kupewa peleti badala yake. Mpango ulikuwa mzuri, mafundi walikuwepo, wateja walikuwepo, magazeti makubwa ya dunia yaliandika. Mwaka 2020 kampuni ilifunga kazi.

Ilifunga kwa sababu biashara ya namna hiyo inakula mtaji kabla ya kuanza kulipa. Kila jiko la bure ni fedha iliyozikwa, na inafukuliwa kilo kwa kilo, mwezi kwa mwezi. Ili kiwanda cha peleti kilete faida kinahitaji wateja kwa maelfu mengi, na ili kuwapata maelfu hao yanahitajika majiko kwa maelfu mengi, na fedha za majiko hayo hazikupatikana kwa wakati. Kwa upande wa nyumba zilizojiunga, wachunguzi waliozifuatilia walikuta nyingi zikiendelea kutumia makaa kando ya peleti. Mama wa nyumba hana kosa hapo: kifaa kimoja chenye mafuta ya muuzaji mmoja ni wasiwasi, na mtu mwenye busara hubaki na seredani uvunguni.

Wakulima wa mwani wa Micheweni hawahitaji kuelezwa zaidi, maana mkataba huu wanaujua kwa upande wake wa pili. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kisha kikaenea hadi Pemba, wanunuzi wamekuwa wakiwapa wakulima kamba na taitai, na mkulima akiwa na ahadi ya kumuuzia mwani aliyempa. Aliyetoa kamba ndiye aliyekuwa na neno katika bei. Mama wa Maziwa Ng'ombe aliyesimama majini tangu alfajiri akaambiwa bei ya kilo atakapofika ufukweni, yule ndiye mshauri bora kwa anayefikiria kupokea jiko la bure kwa ahadi ya kununua peleti. Kwenye mwani mtu alifungwa katika kuuza; kwenye peleti anafungwa katika kununua.

Lipo jiko lililoshinda Afrika Mashariki, na linafaa kutazamwa. Jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, lililosambaa Kenya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kisha likavuka mipaka, lilifanikiwa kwa sababu mbili zisizo na mbwembwe. Lilitengenezwa na mafundi wa jua kali kwa mabati ya mitaani, na lilitumia makaa yale yale yaliyokuwa sokoni. Mnunuzi hakutakiwa kubadili muuzaji wake wa makaa. Alitakiwa kununua makaa machache zaidi. Faida aliiona kabla ya mwezi kwisha.

Mshindani mwingine wa peleti ni gesi ya mitungi, na huyu amekwisha kujenga kile ambacho peleti haina. Mfanyabiashara wa gesi naye huuza mtungi kwa bei ya kuvutia ili apate kuujaza, lakini ana maghala, ana mawakala, na ana serikali nyuma yake: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Peleti zinaweza kudai nafasi ndani ya lengo hilo, kwa kuwa zikiunguzwa kwenye jiko la feni moshi wake ni mdogo sana. Jiko la kuchomea nyama haliwezi kudai hivyo. Lile moshi ndio sifa yake.

Mwekezaji mdogo atakayeletewa karatasi zenye neno kaboni asome mara mbili. Hoja huwa kwamba kila jiko linaokoa miti, kila mti unaookolewa ni hati, na hati zitauzwa Ulaya zilipe gharama. Miti inaokolewa kweli, kwani kilo moja ya makaa ya tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Lakini Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilijihesabia hati karibu mara 9 kuliko ilivyostahili, na bei ya hati za namna hiyo haijasahau. Miradi inayopima mafuta yanayotumika, kilo kwa kilo, ndiyo iliyoonekana kukaribia ukweli zaidi. Kwa hiyo muuza peleti mwenye daftari safi la mauzo yuko mahali pazuri kuliko mgawa majiko. Hata hivyo, biashara isiyoweza kujilipa bila hati hizo haifai kuwekewa fedha za mahari wala za hija.

Watu wa Micheweni wamezoea ahadi za viwanda. Eneo huru la uchumi lilitengwa hapo kwa sheria ya mwaka 1992, na kwa miaka mingi lilibaki zaidi kwenye makaratasi kuliko ardhini. Endapo siku moja mashine ya peleti itafungwa pale, isifungwe kwa ajili ya majiko ya mishikaki. Wateja wa kweli wa joto kisiwani ni wale wanaowasha kila siku kwa wingi: waoka mikate, wapishi wa shule na hospitali, wachemshaji wa dagaa. Hao hununua kwa tani, hawabadilishi mawazo kila wiki, na wanaweza kufunga jiko kubwa lisilochagua sana majivu. Kutoka kwenye ghala la wateja hao kiroba cha kilo 10 kwa mchoma pweza kitatoka kama chenji.

Kwa sasa wapo wachache ambao jiko dogo linawafaa. Hoteli za Makangale na Kigomasha zenye wageni wanaolipa kwa dola zinaweza kumpa mgeni changu aliyechomwa kwa moshi wa mwembe na zikarudisha gharama ndani ya misimu miwili, mradi ziagize peleti pamoja na mahitaji mengine na ziwe na chumba kikavu. Mpishi wa harusi mwenye gari na jenereta anaweza kulitumia kwa nyama ya taratibu huku pilau ikiendelea kwenye mafiga. Mtu aliyerudi kutoka Muscat au London akitaka kuchoma uani kwake siku ya Idi hahitaji ushauri wa soko. Hiyo ni starehe, na starehe haina hesabu ya faida.

Mfanyabiashara ambaye bado moyo unamsukuma aanze na viroba, si na majiko. Alete jiko moja la volti 12 na kilo 200 za peleti zilizofungwa kwenye plastiki, aziweke juu ya mbao, mbali na ukuta, kuanzia Machi hadi Mei, na mwisho wa masika afungue kiroba cha mwisho aone kama kipande kinavunjika kwa mlio au kinasagika vidoleni. Jiko lenyewe ampe mchoma samaki mmoja wa Konde kwa miezi hiyo mitatu bila mkataba, ila kwa sharti moja: kila usiku aandike kilo alizotumia na fedha alizouza, na usiku aliorudia seredani auandike pia. Daftari hilo likishakuwapo, na likionyesha kwamba usiku wa seredani ni wachache, ndipo azungumze na mwenye kontena.